Mwongozo Kamili wa Kuweka Baiskeli ya Mtoto Nje ya Nyumba Yenye Nafasi Finyu

Wazazi wengi wanaoishi katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam, zile zenye vyumba sita, korido katikati na uwani mmoja wa kutumiwa na watu wote, wamejaribu kuiweka baiskeli ya mtoto nje wakashindwa, na karibu wote hushindwa kwa namna moja. Huanza kwa kununua kufuli, kisha huifunika baiskeli kwa turubai, halafu baada ya masika moja tu hukuta cheni imeganda kwa kutu, kiti kimeota ukungu, na kufuli halifunguki. Wengine huitundika juu ukutani isiguswe na maji, lakini baada ya wiki moja huikuta imelala njiani, kwa sababu mtoto hawezi kuirudisha kule juu na mtu mzima hayupo kila jioni.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata utaratibu tofauti. Unaanza na maji, kisha unamtazama mtoto mwenyewe kama ataweza kuiweka baiskeli mahali pake bila msaada, na wizi unashughulikiwa baada ya hayo mawili. Kinachojengwa ni jukwaa dogo la mbao chini ya upenu, kitanzi cha nondo kilichofukiwa kwenye zege, na pazia la turubai linaloshuka kutoka kwenye paa bila kuigusa baiskeli. Vipimo vyote vinafaa baiskeli za tairi la inchi 16 na inchi 20, ambazo ndizo watoto wa miaka mitano hadi tisa hutumia zaidi.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Kwa jukwaa:
- ubao mmoja wa inchi 1 kwa 8 wenye urefu wa mita 1.5, na kipande kingine cha upana huo huo chenye urefu wa sentimita 45;
- mbao mbili nyembamba za inchi 2 kwa 2, kila moja mita 1.5;
- pevingi sita za unene wa sentimita 8, na misumari ya inchi 2 na nusu.

Kwa kitanzi:
- nondo ya milimita 12 yenye urefu wa sentimita 90;
- saruji kilo 7, mchanga na kokoto. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huuza saruji kwa kilo, hivyo hakuna haja ya kununua mfuko mzima.

Kwa pazia na ulinzi:
- turubai la mita 2 kwa 2.5 lenye matundu ya chuma pembezoni;
- kamba ya nailoni mita 8, na mti mnyoofu au bomba la plastiki la mita 2;
- mnyororo wa chuma wenye pete za unene usiopungua milimita 6 na urefu wa mita 1, pamoja na kufuli;
- tyubu kuukuu ya baiskeli, ambayo fundi yeyote wa baiskeli atakupa;
- rangi ya kuzuia kutu, oili ya cherehani na kitambaa kikavu.

Mbao ziwe zimewekwa dawa. Mbao mbichi zisizo na dawa huliwa na mchwa upesi, na jukwaa lililoliwa kwa ndani huonekana zima mpaka siku linapovunjika mtoto akiwa juu yake.

Hatua ya 1: Pima mahali, kisha subiri mvua

Simamisha baiskeli ikiwa imeegemea ukutani na upime kutoka ukutani hadi ncha ya usukani iliyo mbali zaidi. Kwa baiskeli nyingi za watoto utapata karibu sentimita 55. Urefu, kuanzia tairi la mbele hadi la nyuma, huwa kama mita 1.15 kwa inchi 16 na mita 1.4 kwa inchi 20. Ongeza sentimita 10 kila upande, kwa sababu mtoto haweki kitu kwa uangalifu wa mtu mzima.

Sasa pima kinachobaki. Mahali pa kupita watu pabaki sentimita 75 zilizo wazi, kwani mtu aliyebeba ndoo ya maji, au mama aliyembeba mtoto mgongoni, anahitaji nafasi hiyo kupita bila kujigeuza ubavu. Uchochoro wa mita 1 hautoshi, hata kama baiskeli inaingia. Ukiwa na uchochoro wa namna hiyo, tazama mwisho wake usiotumika, au kona ya uwani nyuma ya jiko. Katika nyumba za ghorofa, usiweke baiskeli kwenye ngazi wala mbele ya mlango wa mtu, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya kukimbilia moto unapotokea usiku.

Epuka pia kuweka baiskeli chini ya dirisha. Wengi hupapenda mahali hapo kwa sababu nondo za dirisha zinaonekana tayari kwa kufungia mnyororo, lakini baiskeli iliyofungwa pale humpa mwizi ngazi ya kupandia, tena ikiwa nondo hizo zimetengenezwa zifunguke kwa ndani wakati wa dharura, umezifunga wewe mwenyewe. Usifunge chochote kwenye bomba la maji wala chini ya mita ya umeme.

Baada ya kupata mahali, usianze kazi siku hiyo. Subiri mvua ya kweli inyeshe, kisha toka na chaki. Chora mstari chini panapoishia ukavu, na utazame ukutani: alama za tope hukuonyesha matone yanaporuka hadi kimo gani. Hapa pwani mvua za masika, kati ya Machi na Mei, mara nyingi husukumwa na upepo wa kusi, hivyo ukuta unaotazama kusini-mashariki unaweza kulowa mpaka juu ilhali ukuta wa upande wa pili ni mkavu kabisa. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua ule mkavu hata kama uko mbali kidogo na mlango wako. Ukuta wa magharibi nao hupata jua kali la alasiri, ambalo hukausha mpira wa matairi mpaka unapasuka.

*Utajua umefaulu* ukiwa na mstatili uliochorwa chini kwa chaki, wenye upana wa sentimita 60, ambao baada ya mvua kubwa unabaki mkavu au unaguswa na matone machache tu upande wa nje.

Hatua ya 2: Zungumza na mwenye nyumba na majirani

Utachimba shimo dogo na kupigilia misumari michache kwenye mbao za paa, na vyote viwili ni mali ya mwenye nyumba. Nenda ukiwa na vipimo, umwonyeshe mahali penyewe, na mkubaliane mapema kama kitanzi kitabaki siku utakapohama. Wapangaji wenzako waulizwe pia, hasa yule anayeanika nguo au kuweka mkaa karibu na hapo. Nimeona jukwaa zuri likigeuzwa kuwa mahali pa kuwekea ndoo na masufuria kwa sababu tu jirani hakuulizwa.

Hatua ya 3: Fukia kitanzi cha nondo

Kitanzi kinawekwa kabla ya jukwaa, kwa kuwa shimo lake liko kati ya jukwaa na ukuta. Mwombe fundi wa kuchomelea akukunjie nondo iwe na umbo la herufi U, upana sentimita 10 na miguu ya sentimita 35, na ncha zake zikunjwe kuelekea nje kwa sentimita 5 kila moja. Ncha hizo ndizo zinazozuia kitanzi kung'olewa. Nondo iliyonyooka tu, hata ikiwa ndefu, mtu huizungusha na kuivuta mpaka itoke.

Chimba shimo la sentimita 25 kwa 25 na kina cha sentimita 30, likiwa mbali na ukuta kwa sentimita 5, karibu na mahali litakapokaa tairi la nyuma. Changanya kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, kisha tia maji kidogo kidogo mpaka zege lishikamane bila kutiririka. Zege lenye maji mengi ni rahisi kulimimina, lakini likikauka huwa dhaifu na hupasuka.

Mimina zege la sentimita 5 chini ya shimo, simamisha kitanzi, kisha jaza mpaka usawa wa ardhi huku ukilichomachoma kwa kipande cha mti ili hewa itoke. Juu ya ardhi zibaki sentimita 10 tu za kitanzi. Laza uso wa zege uinamie nje kidogo, ili maji yasituame kwenye shina la nondo, kwani hapo ndipo kutu huanzia.

Funika zege kwa gunia lililoloweshwa na ulinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Watu wengi hukosea hapa, wakidhani kwamba jua linaharakisha kazi, kumbe zege linahitaji unyevu ili likomae, na likikaushwa haraka halifikii nguvu yake. Usifungie baiskeli kabla ya siku hizo saba kwisha. Siku ya nane, paka kitanzi rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha ukivishe kipande cha tyubu ili kisikwaruze fremu wala mguu wa mtoto.

*Utajua umefaulu* ukikishika kitanzi kwa mikono miwili na kukitikisa kwa nguvu zako zote bila kuona ufa wowote kati ya zege na nondo.

Hatua ya 4: Jenga jukwaa

Kwanza toboa ubao mkubwa matundu ya upana wa kidole kidogo, kila baada ya sentimita 20, yakifuatana katikati. Usiruke jambo hili. Mbao mbili nyembamba zitakapopigiliwa juu ya ubao zitafanya mfereji, na mfereji usiotoboka hushika maji, huozesha mbao na kuzalisha mbu. Mbu anayeeneza dengue hutaga katika maji kidogo yaliyotuama karibu na watu, na Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Pigilia mbao nyembamba juu ya ubao, sambamba, zikiachana kwa upana wa tairi na sentimita 1 zaidi. Kwa baiskeli nyingi za watoto itakuwa kati ya sentimita 5.5 na 6.5. Tumia tairi lenyewe kupimia. Nafasi ikibana sana mtoto hataweza kuitoa baiskeli, na ikiwa pana sana tairi litateleza na baiskeli itaanguka.

Panga pevingi mbili mbili katika sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, juu ya ardhi iliyoshindiliwa, kisha laza ubao juu yake. Katikati ya mfereji pawe kama sentimita 38 kutoka ukutani. Umbali huu ndio unaoifanya baiskeli iinamie ukutani na kutulia. Ukiusogeza mfereji karibu zaidi, baiskeli itasimama wima na kusukumwa nje na upepo au na kuku anayepita. Mahali usukani na kiti vinapogusa ukuta, ning'iniza vipande vya tyubu.

Kipande cha ubao cha sentimita 45 kiwekwe mwanzoni kama mteremko. Baiskeli ya inchi 16 ina uzito wa kilo 8 hadi 10, na mtoto wa miaka mitano hawezi kuinyanyua kila siku, lakini anaweza kuisukuma kwenye mteremko.

Baiskeli yenye magurudumu ya pembeni ya kujifunzia haitaingia katika mfereji. Kwa hiyo, acha ubao bila mbao nyembamba, ongeza ubao wa pili ubavuni na pevingi za kuubeba, na upigilie kizuizi upande wa mbele.

*Utajua umefaulu* mtoto atakapoipandisha baiskeli mwenyewe, akaiegemeza, akaiacha, nayo ikabaki imetulia hata ukiisukuma kidogo kwa kidole.

Hatua ya 5: Tundika pazia la turubai

Turubai likiifunika baiskeli kama shuka, hufungia ndani mvuke wote unaopanda kutoka ardhini na maji yote yaliyobaki kwenye cheni. Usiku mvuke huo hugeuka matone chini ya turubai, na katika hewa ya chumvi ya pwani matone hayo yanatosha kuitia baiskeli kutu bila mvua hata moja kunyesha. Nimewaona wazazi waliofunika kwa uangalifu mkubwa, na baiskeli zao zikaoza kuliko zilizoachwa wazi chini ya upenu. Hewa lazima ipite, na kwa sababu hiyo turubai litundikwe kama pazia.

Pigilia ukingo wa juu wa turubai kwenye mbao zilizo chini ya bati, ndani ya ukingo wa bati kwa kama sentimita 5. Ukilipigilia kwa nje, juu ya ukingo, maji ya paa yatapita nyuma ya turubai na kumwagikia baiskeli. Pitisha misumari kwenye matundu ya chuma, wala si kwenye turubai lenyewe, maana upepo wa kusi utalichana siku ya kwanza.

Funga mti au bomba kwenye ukingo wa chini ili liwe zito. Ukingo huo uishie sentimita 20 juu ya ardhi. Likiwa refu kuliko hapo, likunje na kulifunga, usilikate. Ubavuni acha wazi kabisa. Kama upenu wako ni mfupi kuliko sentimita 60, vuta ukingo wa chini kuelekea nje kwa kamba mbili na kuzifunga kwenye vigingi, ili pazia liiname na lisiguse usukani. Njia hii inafaa uwani, lakini katika mapito kamba za namna hiyo zitamkwaza mtu gizani. Mahali pa kupita, ni heri uombe ruhusa ya kuongeza kipande cha bati juu.

Weka kamba mbili za kukunjia pazia juu, na mtoto aonyeshwe jinsi ya kuzifunga kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Siku za jua pazia likunjwe ili ukuta ukauke, lakini hakikisha mikunjo yake haishiki maji.

Mahali yanapodondokea maji ya paa, mwaga kokoto kwa upana wa sentimita 30. Tone linaloangukia kokoto halirushi tope, na hilo peke yake huinusuru cheni kuliko oili yoyote.

*Utajua umefaulu* baada ya mvua ya usiku mzima, ukipitisha kitambaa kikavu kwenye cheni na kiti nacho kikabaki kikavu.

Hatua ya 6: Funga baiskeli kwa namna inayofaa

Mnyororo upite ndani ya kitanzi, ndani ya tairi la nyuma, na ndani ya fremu, kwa pamoja. Kufunga tairi la mbele peke yake ni kosa, kwa sababu tairi hilo hufunguliwa kwa nati mbili na mwizi akaondoka na baiskeli iliyobaki. Kamba nyembamba za waya zilizovikwa plastiki hukatwa kwa koleo la kawaida, hivyo zisitumike kwa kufungia usiku.

Vuta mnyororo ukazike, ili kufuli libaki juu bila kulala chini. Kufuli lililolala sakafuni hupigwa nyundo kwa urahisi, tena huingiwa na mchanga. Tundu la ufunguo litazame chini, na juu yake funga kipande cha tyubu kama kofia. Mara moja kwa mwezi tia tone moja la oili ya cherehani.

Kwa mtoto napendelea kufuli la ufunguo kuliko la namba, kwa kuwa vigurudumu vya namba hukazwa na chumvi na kumshinda mtoto kuvizungusha. Ufunguo mmoja uning'inie ndani ya mlango, katika kimo anachokifikia, na mwingine abaki nao mzazi.

*Utajua umefaulu* ukivuta tairi, fremu na mnyororo, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikazuiwa na kitanzi.

Hatua ya 7: Mzoeshe mtoto, kisha tunza

Kwa wiki mbili za kwanza simama naye kila jioni, lakini usimsaidie kwa mikono. Mwache apandishe, aegemeze, afunge, ashushe pazia. Anapokwama, tazama ni kitu gani kinachomshinda, kwa sababu mara nyingi kasoro iko kwenye jukwaa: mteremko umesimama mno, mnyororo ni mzito, au kamba iko juu. Rekebisha kitu hicho kabla hajakata tamaa.

Baiskeli iliyolowa ifutwe kabla ya kuingizwa chini ya pazia, hasa cheni na nati za kiti. Ikiwa imepelekwa ufukweni, imwagiwe maji yasiyo na chumvi kwanza, kwani chumvi haitoki kwa kitambaa. Kila mwezi futa cheni na kuitia oili nyepesi kidogo, kisha futa tena ile iliyozidi. Oili chafu ya gari hushika vumbi na kuisaga cheni. Oili isiguse rimu, kwa sababu breki za mpira zitateleza na mtoto hataweza kusimama.

Kwa asiye na ardhi ya kuchimba

Ikiwa nje ya mlango wako kuna sakafu ya zege na mwenye nyumba hataki ichimbwe, chukua ndoo ya rangi ya lita 20, mimina ndani yake zege lile lile, na usimamishe kitanzi katikati. Utahitaji saruji zaidi kidogo, na ndoo ikijaa itakuwa na uzito wa karibu kilo 48. Iache mahali itakapokaa kabla ya kuijaza, na uisukume kwenye kona ili mtoto asiikwae. Haizuii wizi kama kitanzi kilichofukiwa, kwa kuwa watu wawili wanaweza kuinyanyua, hivyo usiku ni afadhali baiskeli iingizwe koridoni kama majirani wanaridhia.

Mtoto akihamia baiskeli ya inchi 24, mfereji wa mita 1.5 utakuwa mfupi. Tafuta ubao wa mita 1.8, sogeza pevingi, na upime upya zile sentimita 75 za kupita watu kabla ya kupigilia msumari wa kwanza.